Nukta Angani

Niliinunua kwa sababu ya heroe,
kama nusu ya watu wa Nakuru wanaonunua kamera:
elfu thelathini na nane, ya mitumba, mkanda umechanika,
kutoka kwa mwalimu aliyehamishiwa Lodwar.
Nilipomaliza kulipa, ziwa lilikuwa limefura,
limemeza barabara na lango,
na heroe walikuwa wamehamia Bogoria bila kuaga.

Nikabaki na kamera ya ndege wa mbali
katika nyumba ya vyumba viwili, Kaptembwo,
ambamo hakuna kitu kilicho mbali.

Simu hainiulizi neno.
Inapiga mita ya stima, mwenye nyumba anaridhika.
Inapiga upele mgongoni mwa Jerop,
muuguzi anajibu kabla uji haujapoa: ni joto tu.
Inapiga risiti, bei ya bati, mtoto amelala mdomo wazi,
halafu risiti tena.
Picha elfu kumi na moja mfukoni, pamoja na funguo,
na sikumbuki lini nilirudi kuzitazama.

Kamera huuliza.
Mwanga unatoka wapi? Una haraka ya nini?
Betri je? Na kadi, si umeiacha kwenye kompyuta?
Huning'inia shingoni kama kilo ya sukari,
na sokoni muuza viazi hukifunga kitambaa upya,
hunyoosha mgongo, huacha kucheka:
"Hiyo ni ya gazeti gani?"

Shangazi Tapnyole alikuja kutoka Molo mwezi wa nne
na kabichi tatu na maziwa ya mursik.
Nikampiga kwa simu, mlangoni, bado amebeba.
Akaichukua, akaisogeza, akaisogeza tena.
"Huyu ni nani?"
Shavu lilikuwa laini kama sahani.
Simu ilikuwa imemfuta kovu, kwa hisani yake yenyewe,
kovu la stovu iliyolipuka mwaka niliozaliwa,
alipopita katikati ya moto nami nikiwa kwapani.
"Mlilipeleka wapi?" akauliza,
kama mtu anayeuliza kuhusu kuku.

Basi nikaitoa kamera kabatini.
Nikamkalisha karibu na dirisha, nikafungua lenzi hadi mwisho,
na kovu likarudi lote, kila mkunjo,
mpaka ule mdogo unaofanana na Mto Njoro kwenye ramani.
Lakini Shangazi alikuwa ameondoka.
Aliyebaki kitini, mikono magotini, taya limekaza,
alikuwa anangoja kitambulisho.

Jioni Jerop aliiba simu.
Alipiga ishirini na sita: dari, paka, kidole chake,
kidole chake tena,
na moja ya Shangazi anacheka, kichwa kimerudi nyuma,
nusu ukungu, nusu dole gumba,
giza la jikoni likiwa jingi hata simu haikujua pa kulainisha.
Kovu lipo. Linacheka naye.
Hiyo ndiyo tuliyoipeleka kuchapishwa.
Kijana wa duka alisema ikikuzwa itavunjika vipande.
Nikamwambia akuze.

Kamera sikuiuza.
Asubuhi za Jumapili huipeleka juu, upande wa Menengai,
nikapiga mawingu tu, kitu kisichoweza kukaza taya.
Ndipo nilipoiona nukta:
nyeusi, ndogo, juu kulia, katika kila anga.
Ni vumbi, alisema fundi, limeingia hadi kwenye jicho la ndani,
mji huu hausamehi;
simu imezibwa, haiingiwi na kitu.
Elfu moja mia tano, na atalipangusa.

Sijampelekea.
Pesa hiyo ni unga.
Na siku hizi nikizichanganya picha zangu na za watu,
naitafuta nukta ile kwanza,
juu kulia,
ndipo najua ni mimi niliyekuwa nimesimama hapo.